Fidia ya Mateka wa Badr na Fedha za Shule Zetu

Mkulima wa korosho wa Lulindi, wilayani Masasi, afikishapo magunia yake katika ghala la chama cha msingi, hulipwa fedha ambayo imekwisha kupitiwa na mikono mingi. Ushuru wa Halmashauri umekatwa. Makato ya chama cha msingi na ya chama kikuu yamekatwa. Na huko mbele msafirishaji naye hutozwa ushuru na Serikali, mzigo ambao hatimaye huonekana katika bei anayopewa mkulima. Hivyo, kabla hajaishika shilingi yake ya kwanza, sehemu ya jasho lake imekwisha kuwa mali ya umma. Akinung'unika huambiwa neno moja linalomtuliza: fedha hizi zitajenga shule, zitalipa walimu, na mwanao atasoma.

Sasa tuseme kwamba miaka imepita, na mtoto wake yuko darasa la tatu. Jioni moja baba ampa kijitabu chenye hadithi fupi ya darasa la pili, na mtoto akitazama kama atazamavyo ukuta. Je, ahadi imetimizwa? Hesabu zaweza kuwa safi kabisa: fedha ilitoka, darasa lilijengwa, stakabadhi zimo katika jalada. Mkaguzi atapita na kuridhika. Lakini mbele ya Mwenyezi Mungu, je, amana ya mkulima yule imemfikia mwenyewe?

Ndugu msomaji, hilo ndilo swali ninalotaka tulitafakari. Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba wajibu wa mtawala, na hata wa mzazi, humalizika fedha inapotolewa. Nami nasema kwamba amana haitimii kwa kutolewa, wala kwa kutumiwa, bali kwa kufika. Tena jambo hili si la wataalamu wa uchumi peke yao. Ni jambo la imani, na kila mmoja wetu ataulizwa kwalo.

Fedha nyingi bila tunda

Watu wa kusini mwa Tanzania hawana haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Nachingwea ipakanayo na Masasi ni mahali pamojawapo, pamoja na Kongwa na Urambo, ambapo Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wake mkubwa wa karanga mwaka 1947. Ulikusudiwa kulima zaidi ya ekari milioni 3, ili Waingereza wapate mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili. Matrekta yaliletwa kwa meli, bandari ya kina kirefu ikajengwa Mtwara, na reli ikatandikwa kutoka pwani kuelekea Nachingwea. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na walipa kodi wa Uingereza wakapata hasara ya pauni zipatazo milioni 36. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli yenyewe iling'olewa.

Je, fedha ilikuwa haba? La hasha! Fedha ilikuwa nyingi kupita kiasi. Kilichopungua ni kuijua ardhi, mvua na vichaka vya nchi hii kabla ya kuagiza mashine, pamoja na unyenyekevu wa kumwuliza mkulima aliyekuwa akiilima. Waliosimamia mpango ule walihesabu ekari na matrekta, na karanga hazikuhesabiwa mpaka muda ulipokuwa umekwisha pita.

Fedha chache na tunda jema

Tutazame sasa upande wa pili. Mwaka 1967, Azimio la Arusha lilipotangazwa, theluthi mbili hivi ya watu wazima wa Tanzania hawakujua kusoma na kuandika. Nchi ilikuwa maskini. Mwaka 1970 ulifanywa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na baada yake Mwalimu Nyerere aliweka shabaha kwamba katika sehemu sita za nchi ujinga wa kutojua kusoma uondolewe kabla ya mwisho wa mwaka 1971. Masasi ilikuwa mojawapo ya sehemu hizo, pamoja na Mafia, Ukerewe, Kilimanjaro, Upare na Rungwe. Madarasa ya kisomo yalifanyika chini ya miembe, katika majumba ya chama, misikitini na makanisani. Wengi wa waliofundisha hawakuwa walimu kwa kazi yao. Walikuwa majirani waliojua kusoma, wakapewa posho ndogo mno. Ukaguzi wa kitaifa wa mwaka 1986 ulionyesha kwamba watu wazima wasiojua kusoma walikuwa wamebaki karibu mmoja tu kati ya kila kumi.

Haifai tupite hapa bila kuuliza siri ya kazi ile. Kwa maoni yangu siri ni kwamba kila mtu, tangu Rais hadi mwalimu wa chini ya mwembe, alijua ni kitu gani kinachotafutwa. Kilichotafutwa ni bibi mwenye umri wa miaka hamsini aandike jina lake na kusoma barua ya mwanawe, na watahiniwa wale walipimwa kwa kusoma hasa. Madarasa mangapi yamejengwa, au fedha kiasi gani imetumika, yalikuwa maswali ya baadaye.

Hata hivyo tusidanganyike tukasema kwamba ari peke yake yatosha. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliamua kwamba ifikapo 1977 kila mtoto apate elimu ya msingi, na kufikia mwaka 1980 wanafunzi wa shule za msingi walizidi milioni 3. Hilo lilikuwa jambo la heshima kubwa. Lakini walimu waliohitajiwa hawakuwapo, ikabidi waliomaliza darasa la saba waandaliwe upesi na kuingizwa madarasani, mpaka watu wenye mzaha wakazifasiri herufi UPE kuwa ni Ualimu Pasipo Elimu. Kisha hali ya uchumi ilipokuwa ngumu katika miaka ya 1980, na michango na karo zikarudi, wengi walishindwa, na hata kile kisomo kilichosifiwa duniani kilififia. Basi ari bila fedha huchoka, kama vile fedha bila ari inavyopotea.

Mambo ya zama zetu

Karo ya shule za msingi ilipofutwa tena, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, ulipoanza mwaka 2002 wakati wa Rais Benjamin Mkapa, ambaye mwenyewe ni mzaliwa wa Lupaso huko Masasi, watoto walimiminika shuleni. Mwaka 2001 hawakufika milioni 5. Mwaka 2005 walizidi milioni 7. Madarasa yalijengwa kila kijiji. Lakini watafiti wa Uwezo walipopita nyumba kwa nyumba tangu mwaka 2010 na kuwapa watoto hadithi ya darasa la pili waisome, walikuta kwamba kati ya watoto kumi wa darasa la tatu, walioweza ni kama watatu tu. Nayo matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yalipotangazwa mara ya kwanza, yalionyesha kwamba watahiniwa sita hivi kati ya kumi wameshindwa. Yule mtoto wa Lulindi niliyemtaja mwanzoni, basi, si mtoto wa kubuni tu. Ni jamaa wa watoto wengi.

Kwa nini iwe hivyo? Zipo sababu nyingi, lakini nitataja mbili ambazo zimechunguzwa hapa kwetu Afrika Mashariki.

Kwanza, mara nyingine fedha haifiki. Nchini Uganda wachunguzi walifuatilia ruzuku iliyotengwa kwa ajili ya shule za msingi kati ya mwaka 1991 na 1995, wakagundua kwamba kwa wastani shule zilipata asilimia 13 tu ya haki yao. Serikali ya Uganda ilichukua hatua moja nyepesi: ilianza kutangaza magazetini na kubandika katika mbao za shule kiasi kilichotumwa kwa kila mahali, ili mzazi naye ajue. Kufikia mwaka 2001 zaidi ya asilimia 80 ya ruzuku ilikuwa ikifika.

Pili, hata ifikapo, yaweza isizae. Katika mwaka 2013 na 2014, shirika la Twaweza pamoja na wataalamu wa vyuo vikuu walifanya jaribio katika shule 350 za msingi, katika wilaya 10 za Tanzania. Shule za kundi la kwanza zilipelekewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, moja kwa moja. Katika kundi la pili mwalimu aliahidiwa tuzo kwa kila mtoto ambaye, atakapopimwa, ataweza kusoma na kuhesabu. Kundi la tatu lilipewa yote mawili, na la nne halikupewa kitu. Ruzuku peke yake haikuinua ujuzi wa watoto. Tuzo peke yake ilileta faida ndogo isiyo ya hakika. Lakini palipokuwa na vyote viwili, watoto walijifunza zaidi kwa namna iliyo dhahiri, tena faida yake ilizidi jumla ya zile mbili zikitengwa.

Maana yake ni nini? Chaki, vitabu na madawati ni kama mbegu. Mbegu njema mikononi mwa asiyejali haioti, naye mkulima mwenye bidii asiye na mbegu hulima bure. Aliye na vyote viwili ndiye avunaye.

Mfano wa Mtukufu Mtume s.a.w.

Waislamu tunapolisoma jaribio hili yatupasa tukumbuke kwamba jambo hili si geni kwetu. Katika mwaka wa pili wa Hijra, baada ya vita ya Badr, Waislamu walikuwa na mateka wapatao sabini. Walio na mali walijikomboa kwa fidia, wengine kwa dirhamu 1,000, wengine mpaka 4,000. Lakini wanahistoria hueleza kwamba kwa mateka wasio na mali, waliojua kusoma na kuandika, Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w. aliweka fidia nyingine: kila mmoja awafundishe watoto kumi wa Madina, na hao wakishajua, yeye awe huru. Hueleza pia kwamba Hadhrat Zaid bin Thabit r.a., ambaye baadaye alikabidhiwa kazi tukufu ya kuikusanya Qur'an, alikuwa miongoni mwa watoto waliojifunza kuandika kwa njia hiyo.

Tulitazame agizo hili kwa makini. Madina ilikuwa na shida. Muhajirina walikuwa wameacha mali zao Makka, na dirhamu zile zingeweza kununua silaha, ngamia na nafaka. Mtukufu Mtume s.a.w. aliacha fedha akachagua maarifa, hata kwa kufundishwa na adui. Na alipochagua maarifa, hakusema mateka afundishe kwa miezi kadhaa kisha aende zake. Muda haukuwa kipimo, wala jasho la mwalimu. Kipimo kilikuwa watoto kumi wanaojua. Ambaye watoto wake hawajui, fidia yake haijalipwa, hata kama amekaa nao mchana kutwa.

Hivyo ndivyo Islam ilivyofunza, zaidi ya miaka elfu moja na mia tatu kabla ya watafiti wa leo, kwamba matumizi hupimwa kwa tunda lake.

Tena Islam haikuliacha jambo la uaminifu wa mpokeaji. Mtu mmoja, Ibn al-Lutbiyya, alitumwa kukusanya zaka. Aliporudi aliigawa mali mbele ya Mtukufu Mtume s.a.w.: hii ni yenu, na hii nimepewa zawadi mimi. Mtukufu Mtume s.a.w. alichukizwa, akapanda mimbari na kuuliza kwa nini mtu huyo asikae nyumbani kwa baba yake au mama yake, aone kama zawadi hiyo ingemfuata huko. Hadithi hii yafaa isomwe katika kila ofisi ya umma. Katika mwaka 2016 Serikali ya Tanzania iligundua zaidi ya majina 10,000 ya wafanyakazi hewa katika orodha za mishahara, na mwaka 2017 ikatangaza watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Kila jina la uongo lililolipwa ni mshahara wa mwalimu wa kweli ambaye hakuajiriwa.

Na Nabii Yusuf a.s. alipoomba kusimamia hazina za Misri, kama isemavyo Sura Yusuf, aya ya 56, alitaja sifa zake mbili: kwamba ni mlinzi na kwamba ni mjuzi. Waliosimamia karanga za Nachingwea yawezekana walikuwa walinzi, lakini ujuzi waliukosa. Walioandika majina hewa walikuwa na ujuzi wa kutosha, na wakakosa ulinzi. Amana yahitaji vyote viwili. Na tuangalie kwamba sifa ya Nabii Yusuf a.s. haikuwa wingi wa maghala aliyojaza. Ilikuwa kwamba mwaka wa njaa ulipofika, watu walikula.

Majibu kwa wanaopinga

Huenda mtu akasema: ikiwa fedha peke yake haileti elimu, basi Serikali ipunguze matumizi, na watu wajitegemee. Hilo ni kosa, tena ni dhuluma. Jaribio lile lile lililoonyesha kwamba ruzuku peke yake haikutosha, ndilo lililoonyesha kwamba tuzo bila ruzuku haikutosha pia. Mwalimu wa Newala mwenye watoto themanini katika chumba kimoja, na kitabu kimoja kwa watoto wanane, haitakuwa haki kumwambia kwamba kinachopungua ni bidii yake tu. Katika Sura An-Nisaa, aya ya 59, Mwenyezi Mungu ameunganisha mambo mawili: kuwakabidhi amana wanaostahili, na uadilifu katika hukumu. Anayedai mavuno bila kutoa mbegu si mwadilifu.

Mwingine atasema: matokeo yamo mikononi mwa Mwenyezi Mungu, sisi wajibu wetu ni kutoa. Neno hili lina sura ya tawakkul, lakini mara nyingi ni uvivu uliovaa kanzu. Bedui alimwacha ngamia wake bila kumfunga, akasema anamtegemea Mungu. Aliamriwa kwanza amfunge, ndipo amtegemee. Kuuliza kama mtoto anasoma ndiko kumfunga ngamia.

Na wa tatu atasema: tukiwapima walimu kwa matokeo, watafundisha uongo, mitihani itaibwa, na takwimu zitapikwa. Huyu ana hoja yenye nguvu kuliko wote, wala sitaipuuza. Kipimo chochote chaweza kuchezewa na asiyemcha Mungu. Ndiyo maana naona kwamba mtihani wa mbali hautoshi.  Yafaa kipimo kikubwa kuliko vyote kiwe sauti ya mtoto nyumbani, ambayo hakuna anayeweza kuiandika kwa ajili yake.

Wajibu wetu

Nimesema kwamba amana hutimia kwa kufika. Basi anayebeba amana ni kila mkono inaopitia, na wa mwisho ni mkono wa mzazi. Mzazi wa Lulindi aliyekatwa ushuru wake ana haki ya kwenda shuleni na kuuliza, kwa adabu lakini bila woga: mwaka huu tumepokea kiasi gani, na kimefanya nini? Mwalimu mkuu mwema atafurahi kulijibu, na atalibandika jibu katika ubao kabla hajaulizwa. Lakini mzazi huyo huyo ana wajibu wa kumwita mtoto wake jioni na kusema: nisomee. Mzazi asiyejua kusoma pia aweza. Atamjua anayekwama na anayesoma kwa kutiririka. Ambaye hajawahi kumsikiliza mwanawe akisoma, asiilaumu Serikali peke yake.

Nasi katika Jumuiya tusijione tumesalimika. Twatoa chanda, twapata stakabadhi, na huenda mtu akadhani kwamba stakabadhi ndiyo mwisho wa ibada yake. Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, alipoanzisha mpango wa Wasiyyat mwaka 1905, alieleza kwamba hana wasiwasi jinsi mali hizo zitakavyokusanywa; wasiwasi wake ulikuwa juu ya watakaokabidhiwa mali hizo baada yake, wasije wakajikwaa kwa sababu ya wingi wake na kuipenda dunia. Hayo yalisemwa wakati Jumuiya ilikuwa bado maskini, na hazina yenyewe haijajaa! Aliona kwamba hatari ya mali haiko katika uchache wake tu, bali hata katika wingi wake. Kwa hiyo kila tawi letu lijiulize juu ya darasa lake la watoto: ni wangapi wanaosoma Qur'an Tukufu kwa usahihi leo, ambao mwaka jana hawakuweza? Tukishindwa kujibu, hatuna ulimi wa kuwasema wengine.

Mateka wa Badr, ambaye alikuja kumwua Mtume s.a.w., alirudi kwao huru baada ya kuwaacha watoto kumi wa Madina wakiwa wanasoma na kuandika. Mbona sisi, tulio huru na tunaojiita waumini, turidhike na deni ambalo adui huyo alilimaliza?

Mwenyezi Mungu awajaalie viongozi wetu ulinzi na ujuzi, awape walimu wetu subira na nyenzo, nasi wazazi atupe masikio ya kuwasikiliza watoto wetu, ili kila shilingi iliyotoka katika jasho la mkulima imrudie mwenyewe ikiwa nuru. Amin.